Meno ya paka: maumivu yasiyo na sauti na namna ya kuyazuia

Paka mwenye jino bovu hutembea, hujilamba na mara nyingi huendelea kula kama kawaida. Kwa sababu hiyo, watu wengi hugundua ugonjwa wa kinywa cha paka wao wakati umekwisha kuharibu fizi na kuanza kula mfupa wa taya. Makala hii inaeleza jinsi ugonjwa huo unavyoanza, dalili zake, namna ya kumpigia paka mswaki, na dawa za nyumbani ambazo humtuliza binadamu lakini zaweza kumuua mnyama huyo.

Kwa nini haonyeshi kuwa anaumwa

Wahenga walisema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo ilikusudiwa binadamu, lakini paka huficha maradhi kwa maumbile yake. Yeye ni mwindaji mdogo ambaye naye huwindwa na wanyama wakubwa zaidi, na mnyama wa namna hiyo akionyesha udhaifu hujiweka hatarini. Kufugwa nyumbani hakukumwondolea tabia hiyo. Atatafuna kwa upande mmoja, au atameza chakula bila kukitafuna, lakini hataacha kula mpaka maumivu yamzidi. Hivyo, kuona kuwa sahani imekwisha hakutoshi kuthibitisha kuwa kinywa chake ni kizima.

Meno thelathini ya mla nyama

Mtoto wa paka huzaliwa bila meno. Meno ya utoto, ambayo ni 26, huanza kuchomoza akiwa na umri wa wiki mbili hadi nne. Anapofikia miezi mitatu hadi minne huanza kung'oka, na katika umri wa miezi sita au saba meno ya kudumu huwa yamekamilika. Meno ya utoto yanapong'oka, mara nyingi paka huyameza, na jambo hilo halimdhuru.

Paka aliyekomaa ana meno 30: madogo ya mbele 12, chonge nne na magego 14. Magego yake hayakuumbwa kwa kusaga kama ya binadamu. Yana kingo kali zinazopishana kama mkasi, kwa ajili ya kukata nyama. Kwa sababu ya umbo hilo na aina ya chakula chake, kuoza kwa meno kunakoletwa na sukari, ambako huwasumbua sana watoto wa binadamu, si tatizo la paka. Adui wake hukaa kwenye ufizi na chini yake.

Kutoka utando laini hadi mfupa wa taya

Baada ya paka kula, bakteria hujijenga juu ya jino na kufanya utando laini usioonekana kwa urahisi. Utando huo ukisuguliwa huondoka. Ukiachwa kwa siku chache, madini yaliyomo katika mate huugeuza kuwa ukoga mgumu, wenye rangi ya manjano au kahawia, ambao mswaki hauwezi kuubandua. Uso wa ukoga huo una mikwaruzo, na utando mpya hupata mahali pa kushika kwa urahisi zaidi.

Mwili hujibu kwa kupeleka damu nyingi kwenye ufizi. Mstari mwekundu hutokea pale jino linapokutana na ufizi, na hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya ugonjwa. Katika hatua hii ufizi unaweza kupona kabisa iwapo jino litasafishwa. Ikipuuzwa, bakteria huteremka chini ya ufizi, nyuzi zinazoshikilia jino hukatika, mfupa huliwa na jino hulegea. Mfupa uliokwisha kuliwa kwa kawaida haurudi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao ukuta wa taya ni mgumu kuujenga upya.

Ugonjwa huu umeenea sana. Utafiti wa chuo cha Royal Veterinary College cha Uingereza, uliochapishwa mwaka 2023 baada ya kupitia kumbukumbu za matibabu za paka zaidi ya 18,000, ulionyesha kuwa ugonjwa wa fizi na mizizi ya meno ndio uliotambuliwa mara nyingi kuliko mwingine wowote. Takriban paka 15 katika kila 100 walikutwa nao katika kipindi cha mwaka mmoja.

Wapo wanaoamini kuwa chakula kikavu hutosha kusafisha meno. Chembe za kawaida za chakula cha dukani huvunjika kwenye ncha ya jino kabla hazijafika kwenye ufizi. Hali ni hiyo hiyo kwa samaki wadogo wakavu ambao paka wa ukanda huu hulishwa, wawe ni dagaa wa Mwanza, ndagala wa Bujumbura au mukene wa Kampala. Ni kitoweo akipendacho, lakini hakichukui nafasi ya mswaki. Mifupa iliyopikwa, ya kuku au ya samaki, huongeza hatari, kwa kuwa hupasuka vipande vyenye ncha ambavyo huchoma ufizi, hukwama kati ya meno au hutoboa utumbo.

Magonjwa mawili yanayohitaji jicho la daktari

Ugonjwa wa kwanza ni ule ambao mwili wa paka wenyewe hulimeng'enya jino lake. Seli huanza kula jino, mara nyingi karibu na shingo yake, hadi sehemu yenye hisia inapoachwa wazi. Mara nyingi huanzia gego la kwanza la taya ya chini, nyuma kidogo ya chonge. Kwa macho huonekana kama kipande cha ufizi chekundu kilichopanda juu ya jino, au halionekani kabisa mpaka ipigwe picha ya eksirei. Chanzo chake hakijathibitishwa na wataalamu, na hakuna dawa ya kulirudisha jino. Huondolewa.

Wa pili ni uvimbe mkali wa kinywa kizima, ambao hufika hadi nyuma ya koo. Paka hutokwa na udenda, huenda mwendo wa haraka kwenye chakula kisha hukoroma kwa hasira na kurudi nyuma, kwa maana njaa na maumivu vinagombana. Kinga yake ya mwili hupigana kupita kiasi na bakteria wa kinywani, na virusi vya mafua ya paka viitwavyo kalisivirusi huhusishwa na hali hiyo. Tiba inayosaidia wengi ni kung'oa magego yote, na wakati mwingine meno yote.

Dalili za kuangalia

Harufu mbaya ya kinywa ndiyo dalili inayowahi, ingawa wengi huiona kuwa ni ya kawaida kwa paka. Kinywa kizima hakinuki sana. Nyingine ni udenda, hasa wenye damu, chakula kudondoka mdomoni, kichwa kuinamishwa upande mmoja wakati wa kula, taya kutetemeka, kujipangusa uso kwa mguu wa mbele, na manyoya kuchakaa kwa sababu paka ameacha kujilamba. Uvimbe chini ya jicho waweza kuwa jipu kwenye mzizi wa gego la juu. Paka aliyekuwa mpole akianza kujificha, au kukataa kuguswa kichwa, naye akaguliwe.

Si kila harufu hutoka kwenye meno. Paka mzee anayenuka kama mkojo, anayekunywa maji mengi na kukonda, yawezekana ana ugonjwa wa figo.

Tahadhari kabla ya kufungua kinywa

Udenda na kushindwa kumeza vyaweza pia kuwa dalili za kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao ungalipo katika nchi zote za Afrika Mashariki na ambao paka naye huupata na kuuambukiza. Paka ambaye hajachanjwa, aliyebadilika tabia ghafla, anayeshambulia bila sababu au aliyelegea taya, hapaswi kutiwa mkono kinywani. Afungiwe mahali salama na daktari wa mifugo aarifiwe. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Katika ukaguzi, uzi wa cherehani au mshipi wa kuvulia ukionekana umezunguka chini ya ulimi, usivutwe. Upande wake wa pili waweza kuwa umefika tumboni, na kuuvuta hukata utumbo. Kazi hiyo aachiwe daktari.

Kumzoesha paka mswaki

Kupiga mswaki kila siku ndiyo kinga bora zaidi. Pasipowezekana, mara moja katika siku mbili ingali na faida. Kinachofanya kazi ni msuguano, wala si povu. Mswaki laini wa mtoto mchanga hutosha. Dawa ya meno iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama. Isipopatikana, maji matupu yanafaa. Dawa ya binadamu isitumike, kwa kuwa paka hajui kutema, na floraidi na vitoa povu vilivyomo humezwa vyote.

Paka mwenye fizi nyekundu au zinazotoka damu asianzishiwe mswaki kabla hajatibiwa, kwani ataunganisha mswaki na maumivu na hataukubali tena. Mwenye kinywa kizima huzoeshwa polepole kwa muda wa wiki kadhaa. Kwanza huguswa mashavu na midomo anapokuwa ametulia. Kisha mdomo huinuliwa kidogo na ufizi hupapaswa kwa kidole kilichochovywa katika maji yaliyochemshiwa samaki bila chumvi wala viungo. Baadaye kidole huvishwa kitambaa laini, na mwisho huja mswaki.

Mpigaji mswaki hukaa ubavuni mwa paka au nyuma yake, si mbele ya uso. Nyuzi za mswaki hulazwa kwa mshazari kuelekea ufizi, na husuguliwa upande wa nje tu wa meno, hasa magego ya juu na chonge. Upande wa ndani husafishwa kwa kiasi na ulimi wenyewe wenye miiba. Nusu dakika kwa kila upande yatosha. Paka akikataa, zoezi lisitishwe kabla halijageuka ugomvi. Ni rahisi zaidi kuanza akiwa mchanga, ila katika miezi ambayo meno yanabadilika asilazimishwe, kwa kuwa ufizi huwa unauma.

Panadol na mafuta ya karafuu

Hatari kubwa hutokea pale mwenye paka anapoona maumivu na kumhurumia. Parasetamoli, ijulikanayo na wengi kwa jina la Panadol, ni sumu kwa paka. Ini lake halina vimeng'enya vya kutosha kuivunja, na mabaki yake huharibu damu isiweze kubeba oksijeni. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kuua. Ufizi hugeuka rangi ya kahawia au samawati, uso na nyayo huvimba, na pumzi huwa za tabu. Paka aliyepewa kidonge hicho apelekwe kwa daktari mara moja, bila kusubiri dalili, kwa sababu dawa ya kuzuia sumu hiyo hufanya kazi vizuri ikiwahiwa. Ibuprofeni, diklofenaki na asprini nazo asipewe.

Mafuta ya karafuu, ambayo kutoka Pemba hadi Kisangani hujulikana kuwa yanatuliza jino la binadamu, yana kemikali ambayo ini la paka hushindwa kuiondoa, nayo hulidhuru ini hilo. Magadi ya kuokea na maji ya chumvi hayafai pia, kwa kuwa humjaza chumvi mwilini.

Kinachofanyika kwa daktari

Kinywa cha paka kikaguliwe na daktari walau mara moja kwa mwaka, na siku ya chanjo ni fursa nzuri. Ukoga ukishakuwa mgumu huondolewa chini ya nusukaputi. Paka huwekewa mpira katika njia ya hewa, ambao hulinda mapafu yake dhidi ya maji na uchafu. Daktari husafisha juu na chini ya ufizi, hupima kina cha ufizi kwa kila jino, hupiga eksirei panapo mashine, hung'oa yaliyoharibika, kisha husugua yaliyobaki yawe laini.

Kukwangua meno ya paka akiwa macho hakushauriwi. Chama cha kimataifa cha madaktari wa wanyama wadogo, WSAVA, kinaipinga huduma hiyo katika mwongozo wake wa afya ya meno. Jino hung'aa, lakini ugonjwa ulio chini ya ufizi hubaki pale pale, na mnyama huteswa.

Ofisi nyingi za mifugo katika ukanda huu zimezoea zaidi ng'ombe, mbuzi na kuku. Inafaa kuuliza mapema kama zina vifaa vya meno na nusukaputi kwa wanyama wadogo. Pasipokuwapo, vyuo vikuu vinavyofundisha udaktari wa wanyama, kama Sokoine cha Morogoro, Nairobi na Makerere, ni mahali pa kuulizia mtaalamu.

Wenye paka wengi husita kukubali meno yang'olewe wakihofu kuwa mnyama hataweza kula. Hofu hiyo haina msingi. Paka asiye na jino hata moja hutumia ulimi kuvuta chakula laini na kukimeza, na baada ya vidonda kupona, wengi hula vizuri kuliko walivyokuwa wakila na meno mabovu.