Renault RS01: gari ya mashindano iliyochekwa, kisha wote wakafuata turbo yake

Shofere wa kamyo anayetoka tambarare ya Rwindi na kupanda mpaka Kanyabayonga anajua maana ya neno turbo. Kamyo yenye turbo inapanda na mzigo wake. Ile isiyokuwa nayo inalia tu na kutoa moshi mweusi. Lakini wengi hawajui kama katika mashindano makubwa ya magari ya kiti kimoja, Formula 1, turbo ililetwa na gari moja ya Kifaransa: Renault RS01. Mwanzoni watu waliicheka.

Sheria yenyewe ilisema nini?

Tangu 1966, sheria ya Formula 1 iliruhusu moteri za aina mbili: ya lita 3 inayovuta hewa yenyewe, ao ya lita 1,5 inayosukumiwa hewa kwa nguvu. Timu zilikwenda na lita 3. Nusu ya ukubwa ilionekana kama hasara, na kwa miaka 11 hakuna aliyefika kwenye mashindano hayo na turbo.

Renault ilikuwa na sababu ya kujaribu. Tayari ilikuwa na moteri ya V6 ya lita 2 yenye turbo, iliyotumika kwenye magari yake ya Le Mans, mashindano ya saa 24 kule Ufaransa. Mafundi wa Viry-Châtillon, karibu na Paris, waliipunguza moteri hiyo mpaka sentimita za ujazo 1.492. Bernard Dudot alishugulikia moteri, André de Cortanze akachora gari, na Gérard Larrousse akaongoza Renault Sport. Wa kuiendesha alikuwa Jean-Pierre Jabouille, mtu aliyejua usukani na pia kazi ya ufundi.

Turbo inafanya kazi namna gani?

Moshi unaotoka kwenye moteri unazungusha gurudumu dogo lenye mapanga. Gurudumu hilo limefungwa kwenye chuma kimoja na gurudumu lingine, ambalo linavuta hewa ya inje na kuisukuma ndani ya moteri. Hewa ikiwa nyingi, esanse nyingi pia inaweza kuungua, na nguvu inaongezeka. Hivyo moteri ndogo ya RS01 ilifikia nguvu ya farasi karibu 500, sawa na moteri za lita 3 za wakati ule.

Lakini kila faida ilikuwa na deni lake. La kwanza, joto: hewa ikikandamizwa inapata moto, na vyuma vya ndani vinaharibika. Ilibidi kuweka radiateri ya kupoza hewa hiyo kabla iingie kwenye moteri. La pili, kuchelewa: shofere akikanyaga, nguvu haiji palepale, inangoja mpaka gurudumu lizunguke vya kutosha. Jabouille alilazimika kukanyaga mapema, angali ndani ya kona, akijua kwamba nguvu ingefika kwa gafula. La tatu, uzito: moteri hiyo ilikunywa esanse nyingi, na gari ilianza mbio ikiwa na mzigo.

Tena Renault haikuleta kitu kipya kimoja tu. RS01 ilikuja na mapine ya Michelin ya radial, ambayo hayakuwa yametumika katika Formula 1 mbele ya hapo. Gari ikiharibika, ilikuwa vigumu kujua kosa liko wapi.

Moshi mweupe

RS01 ilishindana mara ya kwanza tarehe 16 Julai 1977, Silverstone, Uingereza. Jabouille alianza nafasi ya 21, na turbo ikaharibika kabla ya mwisho. Mwaka huo wote hakumaliza mbio hata moja. Kwa kuwa gari ilikuwa ya rangi ya manjano na mara kwa mara ilisimama kandokando ya njia ikitoa moshi mweupe, Waingereza waliipa jina la birika ya manjano ya chai.

Kampuni ingeweza kuacha. Jina lake liko kwenye magari ambayo watu wanauziwa kila siku, na kila moshi ulionekana na maelfu ya watu. Lakini waliendelea. Mwaka wa 1978 Renault ilishinda Le Mans, na kisha nguvu zote zikaelekezwa kwenye Formula 1. Mwaka uleule, Watkins Glen, Marekani, Jabouille alimaliza wa 4 na kuleta pointi za kwanza.

Mlima ulisema ukweli

Tarehe 3 Machi 1979, kule Kyalami, Afrika ya Kusini, RS01 ilipata nafasi ya kwanza ya kuanzia mbio. Kyalami iko kwenye mita karibu 1.500 juu ya bahari, karibu sawa na Goma. Huko juu hewa ni nyepesi, na moteri inayovuta hewa yenyewe inapoteza nguvu. Turbo inasukuma hewa, kwa hiyo inapoteza kidogo tu. Ni sababu ileile inayofanya kamyo ya turbo ipande vizuri milima ya Kivu. Hata hivyo, siku ya mbio moteri ilikufa mbele ya mwisho.

RS01 yenyewe haikushinda hata siku moja. Ndugu yake mdogo, RS10, yenye turbo mbili ndogo zinazoamka haraka kuliko moja kubwa, ndiyo ilishinda kule Dijon, Ufaransa, tarehe 1 Julai 1979. Gari, moteri, mapine na shofere, vyote vilikuwa vya Kifaransa. Shofere alikuwa Jabouille yuleyule.

Wale waliocheka wakaanza kutafuta turbo. Ferrari iliingia nayo mwaka wa 1981. Mwaka wa 1983 Nelson Piquet akawa bingwa wa dunia wa kwanza mwenye turbo, lakini moteri yake ilikuwa ya BMW. Alain Prost wa Renault alikosa kwa pointi 2 tu. Turbo zilikatazwa kuanzia 1989, zikarudi mwaka wa 2014, na mpaka leo magari ya Formula 1 yanatumia V6 ndogo yenye turbo.

Renault ilifungua njia, lakini taji la kwanza la turbo lilichukuliwa na wengine.