Shata ya simu yako ilifunguliwa na wanafunzi

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu (si kando sana, mtaona) nizungumzie kamera ya simu gizani. Simu nyingi za siku hizi zina sehemu iliyoandikwa "Pro" ndani ya kamera. Humo unajichagulia ISO na muda wa shata. Wengi huingia, huchezacheza, halafu hutoka. Lakini sehemu hiyo ina historia, na haikuanzia kwa ukarimu wa wauzaji simu.

Kwanza hesabu kidogo. Gizani tatizo ni mwanga hautoshi, na kihisi cha simu, yaani kile kijiwe kinachopokea mwanga, ni kidogo sana. Una njia mbili. Uiache shata wazi muda mrefu ili mwanga ukusanyike, au upandishe ISO, yaani uukuze ule umeme hafifu unaotoka kwenye kihisi. Ukipandisha ISO, chengachenga nazo zinakua. Ukiongeza muda, mkono ukitikisika picha inaharibika. Lakini kutoka 1/15 ya sekunde hadi sekunde 4 ni mwanga mara 60. Mara sitini! Anayeamua muda wa shata ndiye anayeamua picha.

Na kwa miaka mingi hukuwa wewe. Sharp J-SH04 iliyouzwa Japani mwaka 2000 ilikuwa na pikseli 110,000 hivi. iPhone ya kwanza, 2007, ilikuwa na megapikseli 2, bila flashi. Unabonyeza, simu inaamua. Hata sisi waandishi wa programu, Android ya zamani ilituruhusu kuomba "hali ya usiku" na kusogeza mwangaza juu au chini. Kuagiza nusu sekunde kamili? Hakukuwa na amri rasmi.

Waliochoka na hali hiyo walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, chini ya Profesa Marc Levoy. Walikuwa wakitafiti jinsi programu inavyoweza kuboresha picha, lakini kamera za madukani zilikuwa zimefungwa kabisa. Basi wakishirikiana na watafiti wa Nokia wakajiundia yao: bodi ndogo ya kompyuta, kihisi cha kununua, lenzi za Canon. Wakaiita Frankencamera, kama lile jitu la Frankenstein. Karatasi yao ilitoka 2010, na mwaka huohuo wakatoa bure maktaba ya programu iitwayo FCam kwa ajili ya Nokia N900, simu iliyotumia Linux.

Hapa niruhusuni nishangilie kidogo. Zamani mipangilio ilikuwa ya kamera nzima. Ukibadilisha muda wa shata hujui ni picha ipi imepata badiliko, kwa sababu nyingine kadhaa ziko njiani tayari. Ilibidi usimamishe, usubiri, uanze tena. FCam ikafanya kila picha iondoke na agizo lake: hii ISO fulani, muda fulani, fokasi hapa, inayofuata, mengine. Na picha ikirudi inakuja na risiti ya kilichotumika hasa. Ni kama hoteli iliyokuwa na sufuria moja, mmoja akiomba pilipili wote wanakula pilipili, na sasa kila meza ina oda yake. Katika majaribio yao walifunga hata jairoskopu kwenye kamera, wakapiga picha mfululizo na kuchagua ile ambayo mkono ulitulia.

Mwaka 2013 Nokia Lumia 1020 ikampa mnunuzi wa kawaida shata ya hadi sekunde 4. Mwaka 2014 milango miwili mikubwa ikafunguka: iOS 8, kisha Android 5.0 na Camera2 yake. Ukisoma Camera2 unaiona FCam waziwazi: agizo kwa kila picha, muda wa shata kwa nanosekunde (sekunde moja ni 1,000,000,000, hesabu sifuri zako vizuri). Mmoja wa waandishi wa ile karatasi, Eino-Ville Talvala, alikuwa amehamia Google kwenye kamera ya Android. Levoy naye alienda Google, na 2018 ikatoka Night Sight: ukiishika simu mkononi, inapiga hadi picha 15, kila moja isiyozidi 1/3 ya sekunde, kisha inazilinganisha na kuziunganisha. Maagizo ni yaleyale, ila sasa programu ndiyo inayoyaandika.

Sasa lalamiko langu. Android inamwachia kila mtengenezaji atangaze kamera yake inatii kiasi gani. Ngazi ya chini inaitwa LEGACY, na hapo hupati shata ya mkono. Tena simu moja niliyonunua Nairobi kwa kupimia programu, kamera yake ya kiwandani inaacha shata wazi kwa sekunde nyingi, lakini programu yangu inapewa kikomo kifupi mno. Kihisi kilekile, lenzi ileile! Fizikia haihusiki, ni mtu ofisini ameamua.

Nang'ang'ania hili kwa sababu hali ya usiku ya kujiendesha imeundwa kung'arisha. Inageuza saa mbili usiku kuwa saa kumi jioni. Stima ikipotea na nyanya ameketi kando ya koroboi, sitaki aonekane yuko studio. Egemeza simu kwenye kikombe, anzia ISO 200 na nusu sekunde, weka kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise, mwombe atulie. Uso unabaki na rangi yake, na giza linabaki giza.

Kabla ya kununua simu, mwambie muuzaji akufungulie kamera, uingie "Pro", uone muda wa shata unafika wapi. Usiposogea hata kufika sekunde moja, angalia ya rafu inayofuata.