Shamba la jozi lililogeuka bustani ya dungusi

Ruth Bancroft alianza kupanda bustani iliyompa jina akiwa na miaka 60 na ushei. Mwaka 1971, huko Walnut Creek, mashariki ya San Francisco, mumewe Philip alikata miti ya mwisho ya jozi katika shamba la familia. Ardhi hiyo ilinunuliwa na babu yake Philip, mwanahistoria Hubert Howe Bancroft, katika miaka ya 1880, na sehemu kubwa ilikuwa imeshamezwa na nyumba za mji. Ekari 3 hivi alimwachia mkewe, apate pa kuhamishia makopo yake.

Makopo hayo hayakuwa haba. Ruth alikuwa akikusanya mimea inayoweka akiba ya maji tangu miaka ya 1950. Babu mkwe naye alikusanya vitabu mpaka vikawa maktaba ya Chuo Kikuu cha California, kwa hiyo ugonjwa huo ulikuwamo ukooni, ingawa bibi huyu aliuingia kwa ndoa.

Njia na matuta yalichorwa na Lester Hawkins, mwenye kitalu cha Western Hills. Matuta hayakuwa pambo; yaliinua mizizi juu ya tope. Udongo wa pale ni mfinyanzi, na mvua za California hunyesha majira ya baridi. Dungusi linalovumilia miezi ya kiangazi bila tone huoza mizizi kwa wiki chache za tope baridi.

Desemba 1972, mimea ikiwa bado michanga, iliingia baridi kali ya kugandisha. Maji yaleyale yanayouokoa mmea wakati wa ukame ndiyo yaliyouua. Jani nene la mshubiri likiganda, barafu huzipasua chembe zake. Jua likitoka jani hulegea, hugeuka rangi kama lililochemshwa, kisha huvuja uteute. Karibu vyote alivyopanda vilikufa. Akaanza upya.

Kwa maoni yangu bustani ilizaliwa hapo. Kabla ya baridi ile ilikuwa mkusanyo wa mpenzi wa mimea. Baada yake ikawa jaribio la miaka mingi la kujua nini huishi pale na nini hufa. Mimea dhaifu ilijengewa fremu za mbao na kufunikwa plastiki kila majira ya baridi. Ukame wa 1976 na 1977 ulipofika, na majirani wakawekewa mgao wa maji, bustani ya Ruth haikuwa na cha kulalamikia.

Mwaka 1989 Frank Cabot, mkulima wa bustani kutoka New York, alianzisha shirika la Garden Conservancy ili bustani kama hii zisife na wenyewe, na hii ikawa ya kwanza kusaidiwa. Ruth alifariki mwaka 2017, akiwa na miaka 109.

Leo umma huingia, na kitalu cha bustani kinauza miche. Wengi huchukua agave, ndugu wa mkonge wetu wa Tanga, kwa kuwa kwenye kikopo inaonekana mpole. Ingefaa kwanza wakaitazame iliyokomaa bustanini, yenye upana wa mita 3 na mwiba kwenye ncha ya kila jani, kabla ya kwenda kuipanda kando ya mlango.