Mzizima na Dar es Salaam: Ufuko, Mawe na Maneno

1.0 Utangulizi



Miji mingi ya mwambao wetu haina mwaka wa kuzaliwa. Kilwa, Lamu na Mombasa ilikua polepole, na historia yake ya mwanzo imechanganyika na tarihi na masimulizi. Dar es Salaam huhesabiwa kuwa tofauti. Husemwa kuwa mji huu una mwasisi, Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar kuanzia 1856 hadi 1870, na una miaka ya kuasisiwa, yaani ile ya 1860. Mhadhara huu unakusudia kuichunguza kauli hiyo kwa kuanzia pale ulipoanzia mji, ufukoni, na kuuliza kile kinachofufuliwa tunapoyakarabati majengo ya mahali hapo. Hoja yangu ni kwamba ukarabati wa mawe huwakumbuka waliojenga kwa mawe. Wale waliojenga kwa miti na makuti hawana hifadhi nyingine isipokuwa lugha, na hapo ndipo wajibu wa taaluma yetu unapoanzia.

2.0 Fuko mbili, mianzo miwili

Kabla ya Majid palikuwa na Mzizima, kijiji cha wavuvi na wakulima. Kijiji hicho kilikuwa kwenye ufuko unaotazama bahari wazi, upande ilipo leo hospitali ya Ocean Road. Wakazi wake walikuwa Washomvi, ambao masimulizi yao huihusisha asili yao na Barawa, pamoja na Wazaramo, wenyeji wa bara ya karibu, ambao viongozi wao walijulikana kwa cheo cha pazi. Uhusiano wao ulikuwa wa maafikiano: Washomvi walikuwa na bahari na biashara yake, nao Wazaramo walikuwa na ardhi na nguvu ya kuilinda.

Majid hakukitaka kijiji. Alichokitaka ni ghuba iliyo nyuma yake, yenye mlango mwembamba na maji yaliyotulia, ambamo vyombo vingeweza kutia nanga bila kusumbuliwa na mawimbi. Kutoka hapo alitumaini kuivuta biashara ya misafara ya bara, aisimamie mwenyewe, mbali na majumba makubwa ya kibiashara ya Unguja na macho ya mabalozi. Akajenga kasri, nyumba za wageni na maghala, na mwaka 1867 akawakaribisha wawakilishi wa mataifa ya kigeni kwenye karamu katika mji wake mpya.

Tusiupambe mwanzo huu kupita kiasi. Miaka hiyo biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilikuwa bado haijapigwa marufuku kabisa katika milki ya Sultani. Marufuku hiyo ilikuja 1873, wakati wa Seyyid Barghash. Mashamba ya mji mpya yalilimwa kwa jasho la watumwa. Anayeitafsiri Dar es Salaam kuwa ni makao ya amani hana budi kuuliza amani hiyo ilikuwa ya nani.

Majid alifariki 1870, naye Barghash hakuuendeleza mradi wa nduguye. Mji ukazorota. Mwaka 1887 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ikaweka kituo hapo, na mwaka 1891 makao makuu ya koloni yakahamishwa kutoka Bagamoyo. Mwaka huohuo ilitolewa amri ya ujenzi iliyogawa maeneo kwa kufuata aina ya majengo. Kwa amri kama hizo, nyumba ya udongo na makuti iliondolewa mbele ya bahari kwa hoja ya ubora wa vifaa. Mzizima haikuhitaji kupigwa vita ili itoweke, kwani ilitosha kuonekana kuwa haifai.

3.0 Ufufuaji wa mawe

Kasri la Majid halipo tena. Kilichobaki ufukoni kutoka zama zake ni kidogo, na jengo linalojulikana zaidi ni lile liitwalo Boma la Kale, kwenye makutano ya Barabara ya Morogoro na Sokoine, likielekea gati la boti za Zanzibar. Lilijengwa katika miaka ya 1866 na 1867 kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti, likiwa na mlango wa nakshi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwalaza wageni wa Sultani. Mwaka 2017, baada ya kukarabatiwa kwa ushirikiano wa halmashauri ya jiji, wasanifu majengo na wafadhili kutoka Ulaya, kilifunguliwa humo kituo cha urithi wa usanifu majengo wa Dar es Salaam.

Kazi hiyo inastahili kusifiwa, hasa tukizingatia kwamba majengo marefu ya kioo yanalizunguka jengo hilo pande zote na kwamba mengi ya rika lake yamebomolewa. Hata hivyo, mwanafunzi wa lugha ataona jambo katika jina lake. Boma katika Kiswahili ni ua au ngome ya kujikinga. Wakati wa Wajerumani neno hilo lilipata maana ya ofisi ya serikali, na maana hiyo imedumu mikoani hadi leo. Nyumba ya wageni ya Majid haikuzaliwa boma. Iliitwa hivyo kwa sababu ya utawala uliokuja baadaye. Kila tunapolitaja jina hilo tunausoma ukurasa wa pili wa historia yake na kuuacha ule wa kwanza.

Kuna mfano wa kinyume chake karibu na hapo. Nyumba nyingine ya zama za Majid huitwa leo Atiman House, kwa jina la Adrien Atiman, aliyekamatwa utotoni Afrika Magharibi akafanywa mtumwa, akakombolewa na wamisionari, akasomea uganga Malta, na kuwatibu watu wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, hadi alipofariki 1956. Nyumba ya Sultani imebeba jina la aliyekuwa mtumwa. Kuta ni zilezile, ila jina limeibadili kumbukumbu.

4.0 Ufufuaji wa maneno

Majina ya ufuko huu ni nyaraka. Kivukoni hutuambia kazi ya mahali hata kwa asiyewahi kupanda pantoni. Magogoni huhifadhi sura ya pwani kabla ya gati za saruji. Gerezani lina neno ambalo wanaisimu hulihusisha na Kireno. Lenyewe jina Dar es Salaam lina mjadala: wapo wanaolieleza kuwa ni bandari ya salama, maelezo yanayotutaka tukubali kwamba silabi ya kwanza ya bandar imedondoka, ilhali dar, nyumba au makao, halihitaji dhana hiyo. Mzizima nalo huelezwa kuwa ni mji mzima. Maelezo hayo yanapendeza, lakini mwanaisimu hataacha kukitazama kitenzi kuzizima kabla ya kutoa hukumu.

Mijadala hii si mapambo ya darasani. Ufuko wa Mzizima hauna ukuta wa kukarabatiwa wala mlango wa nakshi wa kusafishwa. Kilichosalia ni jina lenyewe, masimulizi ya Washomvi na Wazaramo, na msamiati wa wavuvi na manahodha: majina ya pepo, ya miamba, ya mitego na ya sehemu za ngalawa. Msamiati huu ukipotea, hakuna mfadhili atakayeweza kuurudisha.

5.0 Hitimisho

Nimeeleza kwamba Dar es Salaam ina mianzo miwili, wa kijiji na wa kasri, na kwamba ufufuaji wa majengo umeuhudumia zaidi ule wa pili. Sipendekezi kwamba mawe yaachwe yaanguke. Napendekeza kwamba kila jengo linalokarabatiwa ufukoni liambatane na ukusanyaji wa majina na masimulizi ya mahali hapo, na kwamba kazi hiyo ifanywe na wanafunzi wa Kiswahili, leo, wakati wazee wa feri na wa soko la samaki bado wapo wa kuulizwa. Jiwe husubiri fundi, lakini mzee hasubiri.