Blogu za kisiasa na mjadala baina ya mirengo nchini Kenya

BLOGU ya kisiasa ni ukurasa katika mtandao wa intaneti ambamo mtu au kikundi huchapisha habari, maoni na uchanganuzi kuhusu uongozi, na wasomaji wakapata nafasi ya kuunga mkono, kupinga au kusahihisha yaliyoandikwa. Tofauti yake kuu na gazeti ni kwamba hakuna mhariri wa kuamua barua ipi ichapishwe na ipi itupwe.

Uhuru huo ndio sifa ya blogu, na ndio hatari yake. Historia ya Kenya inaonyesha kwamba wafuasi wa mirengo pinzani hujadiliana kwa manufaa wanapokuwa na jambo linaloweza kuthibitishwa. Mjadala unapowahusu vigogo na makabila, aghalabu huishia katika matusi.

Chimbuko

Blogu za siasa zilianza kushamiri nchini katikati ya miaka ya 2000, wengi wa waandishi wakiwa vijana wa mijini na Wakenya waishio ng'ambo. Mnamo 2006, Ory Okolloh na Conrad Akunga walianzisha tovuti ya Mzalendo, iliyofuatilia kazi ya Bunge. Msomaji aliweza kujua mbunge wake aliuliza maswali gani na alichangia hoja zipi.

Kipimo kilikuwa kimoja kwa wabunge wa serikali na wa upinzani. Aliyetaka kumtetea mbunge wake alilazimika kutaja kazi aliyoifanya, si ukoo wala chama chake.

Mtihani wa 2008

Desemba 30, 2007, Rais Mwai Kibaki alipotangazwa mshindi wa uchaguzi uliopingwa na Raila Odinga, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja katika redio na runinga. Ghasia zilizofuata ziliwaua watu zaidi ya 1,100 na kuwafurusha maelfu kwa maelfu makwao.

Katika giza hilo la habari, blogu ziligeuka tegemeo. Januari 2008, Okolloh alipendekeza katika blogu yake kwamba matukio ya ghasia yaonyeshwe kwenye ramani. Wataalamu wa tarakilishi walijitolea, na Ushahidi ikazaliwa. Wananchi walituma ripoti kwa arafa, barua pepe au kupitia tovuti. Aliyechomewa nyumba alihesabiwa bila kuulizwa alimpigia nani kura.

Mwezi uo huo, ukumbi wa Mashada, uliokuwa maarufu kwa mijadala ya Wakenya mtandaoni, ulifungwa kwa sababu ya wingi wa matusi na chuki za kikabila. Mwanzilishi wake, David Kobia, aliyekuwa pia miongoni mwa waundaji wa Ushahidi, alifungua mahali pake ukurasa ulioitwa “I Have No Tribe”, yaani sina kabila, ambapo Wakenya walialikwa kuandika ujumbe wa amani.

Nchi ilikuwa ile ile, hata mtaalamu alikuwa yule yule. Kilichotofautiana ni lile ambalo mchangiaji aliombwa alete: ukumbi mmoja ulipokea lolote, mwingine uliuliza nini kimetokea, wapi na lini.

Kila ndege na wenzake

Tatizo la watu kujifungia na wenye mawazo kama yao si la Kenya pekee. Watafiti Lada Adamic na Natalie Glance walichunguza blogu 1,494 za Marekani kuhusu uchaguzi wa 2004, baina ya George W. Bush na John Kerry. Matokeo yaliyochapishwa 2005 yalionyesha kuwa asilimia 91 ya viungo vilivyowekwa na blogu hizo vilimpeleka msomaji kwa blogu nyingine ya mrengo ule ule.

Nchini Kenya mipaka hiyo huchorwa zaidi na viongozi kuliko itikadi. Kibaki na Odinga walikuwa pamoja 2002, wakapingana 2007, kisha wakagawana serikali 2008. Mfuasi anayemfuata kigogo hulazimika kukitetea leo alichokilaani jana.

Sheria na hatari

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 33, inalinda uhuru wa kujieleza, lakini hailindi matamshi ya chuki wala uchochezi wa ghasia. Aprili 2016, Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichokuwa kimetumiwa kuwashtaki wanablogu. Sheria ya Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 ilizua kesi nyingine, iliyowasilishwa na Chama cha Wanablogu nchini (BAKE).

Hata hivyo, ushindi mahakamani haukuondoa hatari. Juni 2025, mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alifariki akiwa mikononi mwa polisi jijini Nairobi, baada ya kukamatwa kwa madai kuhusu chapisho lililomgusa afisa wa ngazi ya juu wa polisi. Uchunguzi wa maiti ulipinga maelezo ya awali ya polisi kwamba alijiumiza mwenyewe. Kifo hicho kilizua maandamano.

Funzo la 2024

Mijadala mingi sasa imehamia katika mitandao ya kijamii, ila kanuni haijabadilika. Mnamo 2024, vijana waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakaufafanua kwa lugha nyepesi na kukataa kuongozwa na chama au kabila lolote. Maandamano ya Juni 25 yaligharimu maisha. Siku iliyofuata, Rais William Ruto alitangaza kwamba hatatia saini mswada huo, na Julai 5 alijibu maswali ya vijana moja kwa moja katika mtandao wa X.

Waliokuwa wamempigia kura na waliompinga walikutana katika hoja moja kwa sababu kila mmoja aliweza kuufungua mswada ule ule na kusoma ushuru uliopendekezwa.