Nitrojeni katika matairi ya gari

Nitrojeni katika matairi ya gari ni gesi inayojazwa kwenye matairi badala ya hewa ya kawaida, ambayo madereva na mafundi huiita upepo. Imetumika kwa miaka mingi katika ndege na magari ya mashindano; siku hizi huuzwa pia kwa wenye magari madogo katika baadhi ya miji. Gesi zote mbili zinafaa. Jambo kubwa kwa usalama ni shinikizo (kanieneo) sahihi ndani ya tairi.

Muundo

Hewa ya kawaida ni mchanganyiko wa nitrojeni takriban asilimia 78, oksijeni asilimia 21 na kiasi kidogo cha gesi nyingine, pamoja na mvuke wa maji. Kwa hiyo tairi lililojazwa upepo tayari lina nitrojeni nyingi. Mashine ya nitrojeni huchuja hewa hiyo na kuondoa sehemu kubwa ya oksijeni na unyevu. Mara nyingi tairi lililojazwa nitrojeni hutambulika kwa kifuniko cha valvu cha rangi ya kijani.

Tofauti

Oksijeni hupenya mpira haraka kuliko nitrojeni. Jarida la Consumer Reports la Marekani lilijaribu matairi ya aina 31 yaliyojazwa hadi psi 30. Baada ya mwaka mmoja, yenye nitrojeni yalikuwa yamepungukiwa wastani wa psi 2.2, na yenye hewa psi 3.5. Tofauti ipo, lakini ni ndogo. Wala nitrojeni haizuii upepo kutoka kwenye pancha au valvu mbovu.

Katika ndege sababu ni nyingine: nitrojeni haichochei moto. Tarehe 31 Machi 1986 ndege ya Mexicana aina ya Boeing 727 ilianguka nchini Mexico na kuua watu 167, baada ya breki kupata joto kali na tairi lililojazwa hewa kulipuka.

Joto

Si kweli kwamba nitrojeni haipandi kwa joto. Gesi hiyo na hewa kavu hutanuka karibu sawasawa: tairi la psi 30 huongezeka takriban psi 1.5 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi.

Mfano wa Tabora

Tabora ilikuwa njia panda ya misafara: njia iliyotoka Bagamoyo iligawanyika hapo, moja kwenda Ujiji na nyingine kaskazini. Leo gari linalotoka pwani hadi Ipuli, kata ya Manispaa ya Tabora, hupanda hadi takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa hewa ya nje huko ni nyepesi, tairi lililopimwa Dar es Salaam litasoma takriban psi 2 zaidi, joto likiwa lilelile. Ndivyo ilivyo kwa gesi zote mbili.

Utunzaji

Tairi lenye upepo pungufu hujikunja sana linapozunguka, hupata joto na linaweza kupasuka, hasa gari likiwa na mzigo na mwendo mkali. Kwa sababu hiyo:

- Pima kwa geji angalau mara moja kwa mwezi na kabla ya safari ndefu, pamoja na tairi la akiba.
- Pima asubuhi, tairi likiwa baridi.
- Fuata kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva au kitabu cha gari, si namba ya kikomo iliyo ubavuni mwa tairi.
- Usipunguze upepo kwa sababu tairi limepata moto njiani. Likipoa litakuwa pungufu.

Tairi lenye nitrojeni likipungua, linaweza kuongezwa upepo wa kawaida bila madhara. Ni hatari zaidi kuendesha na tairi pungufu kwa kusubiri kituo chenye nitrojeni.