Ufunguo Mlangoni: Je, Kibofu Kitibiwe Kupitia Ubongo?

Mtu ametembea kutoka kituoni akiwa shwari. Anaingiza ufunguo kwenye kitasa, na papo hapo mkojo unambana hadi anashindwa kujizuia. Kwa sekunde hizo chache kibofu hakikujaa zaidi; kilichobadilika ni ubongo, uliotambua kuwa choo ki karibu. Mabingwa wa njia ya mkojo wanalifahamu tukio hili, lakini dawa wanazoandika bado zinalenga zaidi msuli wa kibofu.

Kuutazama ubongo si jambo geni. Mwaka 1925 mtafiti Barrington alionyesha kwa paka kituo kilichomo katika shina la ubongo kinachoamrisha kibofu kijikamue. Mwaka 1964 watafiti Andrew na Nathan walieleza wagonjwa walioumia sehemu ya mbele ya ubongo wakapoteza uwezo wa kuahirisha haja. Basi kuahirisha ni kazi ya ubongo, na kazi hiyo inaweza kulegea.

Tangu mtafiti Barker na wenzake watengeneze kifaa chao huko Sheffield mwaka 1985, sumaku inaweza kuamsha seli za ubongo kupitia fuvu bila kisu. Njia nyingine, rahisi zaidi, hupitisha umeme wa miliampia 1 hadi 2 kwenye sponji zilizoloweshwa maji ya chumvi na kuwekwa kichwani. Kwa kawaida mapigo ya sumaku ya hezi 1, yaani pigo moja kwa sekunde, hutuliza, na ya hezi 5 au zaidi husisimua. Mwaka 2009 Brusa na wenzake waliwapa wagonjwa wachache wa ugonjwa wa Parkinson mapigo ya hezi 1 kwa wiki mbili. Vibofu vyao viliweza kubeba mkojo zaidi, ila nafuu ilikuwa ya muda.

Matumaini haya yana vikwazo viwili. Eneo linaloongoza misuli ya sakafu ya nyonga limejificha katika mfereji kati ya nusu mbili za ubongo, jirani na eneo la mguu, na nguvu ya sumaku hufifia upesi kadiri inavyozama. Kikwazo cha pili ndicho kinachonisumbua zaidi. Wagonjwa wa kibofu kinachobana ghafla hupata nafuu kubwa hata kwa vidonge visivyo na dawa. Kuandika tu saa za kwenda msalani humfundisha mtu kusubiri. Sasa mpe mashine inayogonga kichwani kila siku, pamoja na mhudumu anayemsikiliza! Ili kujua nafuu inayotokana na mashine yenyewe, lazima tuilinganishe na kifaa bandia; lakini kifaa bandia kisichogonga wala kuwasha ngozi hakitamdanganya mgonjwa, hivyo hakitatusaidia.

Hata hivyo sikubali tuiache njia hii ya kupitia ubongo. Dawa kama oksibutinini hukausha kinywa na kufunga choo, na tafiti za ufuatiliaji zimehusisha matumizi yake ya muda mrefu na usahaulifu wa uzeeni. Uhusiano huo haujathibitisha chanzo, lakini ni ajabu kumpa mzee ambaye ubongo wake umeanza kulegea dawa inayozuia kemikali ambayo ubongo huohuo unaihitaji.

Jaribio ninalolitaka ni hili: wagonjwa wote wafundishwe kuahirisha haja, nusu yao wapate msisimuo wa kweli wa ubongo kibofu kikiwa kinajaa, nusu wapate wa bandia unaogonga vilevile, kisha wapimwe baada ya miezi mitatu, si kesho yake.